Ruhani wa Alkhamisi

Mama yangu, Bi Bashira, asubuhi huwafundisha watoto wa mtaa alifu na bee, na mchana husikiliza mashetani. Simsengenyi. Ameniruhusu mwenyewe niyaeleze haya, kwa sharti kwamba nisiseme anaogopa. Basi niseme mapema yaishe: anaogopa sana, na hiyo ndiyo raha yake.

Nyumba yetu iko Malindi ya Unguja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kamba na misumari. Asubuhi ukumbi wetu hujaa watoto wenye juzuu mkononi na kamasi puani, kila mmoja anasoma kwa sauti yake, na mama yuko katikati yao na kifimbo ambacho hakijawahi kumgusa mtu. Ikiadhiniwa adhuhuri chuo chake cha Kurani hufungwa. Mama husali, hula, kisha hukaa dirishani na kofia ya viua mapajani. Kofia hizi hazitaki papara: kila kitobo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, mpaka ua litokee, na kofia moja inaweza kumla mtu miezi. Hapo ndipo anapopenyeza hedifoni chini ya ushungi wake. Mtu akimwona ameinamisha kichwa, midomo imetulia, sindano inakwenda, husema mashaallah, Bi Mwalimu yuko katika dhikri. Kumbe masikioni mwake kuna bibi harusi anazikwa hai.

Yalianza kwa mawaidha. Nilimnunulia simu ili asikilize mawaidha akishona, na akasikiliza kwa adabu zake zote. Siku moja mawaidha yakaisha, simu ikajiendea yenyewe kwenye hadithi ya mtu aliyepanga chumba akakuta mwenye chumba hajahama, ingawa alishakufa. Mama hakujua jinsi ya kuizima, au ndivyo anavyodai. Akaisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akatazama chumba chote, halafu akaniita aniulize kama humo ndani ya simu mna nyingine.

Zilikuwemo. Kuna vijana kila pembe siku hizi wanaotengeneza podikasti za simulizi za kutisha, na mama alizipitia kama nzige anavyopitia shamba. Baba yangu, Silima, aliendelea kuamini kwamba ni mawaidha, na sisi hatukumsahihisha.

Nilimuuliza mara moja raha iko wapi. Akanijibu bila kuinua macho kwenye sindano kwamba hofu za dunia hazina mwisho: baba ana sukari, dari linavuja, na mimi umri unakwenda sijaolewa. Hofu ya hadithi ina mwisho wake. Ukiufikia unavua hedifoni, unajikuta uko kwako, mlango upo pale pale, mtoto wako yuko jikoni anavunja sahani, na mwili unapoa kama wa mtu aliyetokwa na homa. Hilo la sahani lilikuwa dongo langu, nikaliacha lipite.

Tabu yake ni kwamba huchagua kuliko mnunuzi wa samaki. Hataki muziki mwingi, anasema mwenye hadithi nzuri hana haja ya ngoma. Akimsikia msimuliaji anacheka kile kicheko cha pangoni kila baada ya maiti, humzima hapo hapo. Na zile za misitu na theluji ndio kabisa, "Mie theluji sijaiona, itanitisha vipi?" Yeye anamtaka shetani anayepanda ngazi miguu mitupu, anayefunua sufuria jikoni, anayelijua jina la bibi yako. Hao ni wachache, na akishawamaliza hunigeukia mimi: Ulfat, nitafutie nyengine.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kuuza dawa katika duka moja la Darajani, na ya pili ni kumtafutia mama mashetani. Ismail nilikutana naye katika ile ya kwanza. Ni fundi umeme, anafunga nyaya kwenye majumba mapya ya Fumba, na alikuja dukani na kidole kilichoungua. Nikampa dawa ya kupaka. Kidole kikapona, yeye akaendelea kuja. Mwisho nikamwambia kwamba kama anataka kunitazama kila siku, ziko njia za heshima za kufanya hivyo, na mwezi ule ule kwao wakaleta posa.

Kwetu posa haijibiwi papo hapo. Kwanza watu huuliziwa: kijana ni wa nani, anasali wapi, ana deni la nani, nyumbani kwao kukoje. Kazi hiyo katika ukoo wetu ni ya Shangazi Kidawa, dada mkubwa wa baba, na hana mpinzani. Ukimtuma akaulizie habari za mtu, hurudi na habari za mtu huyo na za mbuzi wake. Alikwenda Mtoni, kwao Ismail, akajifanya anatafuta nyumba ya kupanga, akakaa baraza hii na ile akisifu kila chai aliyopewa.

Aliporudi nilikuwa jikoni, masikio yangu yako ukumbini. Habari za kijana zilikuwa njema tupu. Anasali, hanywi, hana maneno mengi, anamhudumia mama yake mjane kama inavyotakiwa. Nikamsikia baba akiitikia kwa furaha. Kisha shangazi akateremsha sauti, na shangazi hateremshi sauti ila anapotaka kusikiwa vizuri.

Mama mtu, akasema, ana jambo. Bi Radhiya kwa jina. Mama mpole, anakaanga sambusa za kuuza, hana ugomvi na mtu. Lakini kila Alkhamisi alasiri hujifungia katika stoo ya uani, akaegemeza magodoro mlangoni, na humo ndani hutoka sauti zisizo zake. Majirani wamezisikia. Kuna mzee anayekohoa, na nyumba ile haina mzee. Kuna msichana anayelia, "Nifungulieni." Kuna kitu kinachoparura kama kucha kwenye ubao. Na jirani mmoja aliyepita karibu alimsikia yule mzee akisema waziwazi: "Nipe jina la mwanao, nikurejeshee sauti."

Shangazi akaendelea kwamba wako waliosema shetani mwenyewe ni kibuki, lakini kibuki hutaka ngoma na vileo, na pale hapana. Wengi wamekubaliana kuwa ni ruhani, jini asiyetaka ngoma. Na ruhani wa mama mkwe, kiti chake, yaani yule anayempanda, kikishazeeka, humtafuta mke wa mwana. Leo anauliza jina la mwanawe Bi Radhiya, kesho atauliza la mwanetu.

Baba hakupandisha sauti. Alisema hampeleki mtoto wake katika nyumba yenye shetani, na kwamba atatafuta maneno mazuri ya kuwarejeshea watu posa yao. Nikaegemea ukuta wa jikoni na kijiko mkononi. Kuna mambo ya kubishana na baba, lakini siyo hilo, na siyo mbele ya shangazi.

Nikiwa kazini nikampigia Ismail. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Akasema, "Si jini, Ulfat, wallahi si jini. Lakini nlimuahidi mama, zaidi ya hapo siwezi kusema." Nikamwambia kwamba ahadi inayokula ndoa ya mtu imezidi kuwa ahadi, nikakata simu. Nililia katika chumba cha kuwekea dawa, katikati ya maboksi ya panadoli, na mteja aliyekuwa akisubiri alidhani nimefiwa.

Mama katika yote hayo hakuunga mkono wala kupinga. Alisomesha, akapika, akashona. Na siku ya pili yake, nikiwa nimevimba macho, akaniambia kwa upole kwamba zile simulizi zimekwisha, nimtafutie nyingine. Nilimjia juu. Nikamwambia mimi nazama na yeye ananiomba mashetani, kana kwamba nyumba hii haina shetani wa kutosha. Akaiweka sindano chini.

"Ndo maana nnazitaka," akasema. "Nikikaa masikio matupu nnakufikiria wewe."

Nikaichukua simu na kuanza kutafuta, kwa hasira, kama mtu anayepangua kabati. Nilizipita zile za misitu, nikazipita za vicheko, nikateremka chini kabisa mahali ambapo hata simu yenyewe ilionekana kuchoka. Huko nikakuta podikasti moja isiyo na makeke, picha yake ni ngazi ya mbao tu, jina lake Nani Kakaa Ngazini. Msimuliaji hakujitaja. Vipande vilikuwa sita, na waliosikiliza hawafiki hata wageni wa harusi ndogo. Sikusikiliza hata neno. Nikampakulia vyote sita, nikaenda kazini.

Niliporudi mama alikuwa amesimama juu ya ngazi zetu ananisubiri. Kofia ilikuwa sakafuni, na hiyo peke yake ilinitisha, maana kofia haitupi hata mgeni akiingia. Alinikalisha kitako, akanitia hedifoni moja sikioni, nyingine akabaki nayo yeye.

Nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka. Haikuwa Kiswahili cha redioni. Ilikuwa lugha yetu hasa, ya kina mama wa hapa wanapokaa mkekani kuchambua mchele. Alikuwa anasimulia juu ya bibi harusi aliyehamia nyumba kongwe, na kila alasiri akitaka kushuka huhisi mtu amekaa kwenye ngazi, mgongo ameugeuzia. Mzee akakohoa. Kitu kikaparura ubao. Msichana akalia, "Nifungulieni." Nywele zilianza kunisimama, na kabla sijajua ni kwa nini, yule mzee akasema sikioni mwangu: "Nipe jina la mwanao, nikurejeshee sauti."

Nikamgeukia mama. Alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka.

"Huyo ndo ruhani wa Mtoni," akasema. "Na hizo kucha si kucha. Hicho ni kifuu kitupu kinakunwa kwenye mbuzi ya nazi. Nimekuna nazi maisha yangu yote, hanidanganyi mtu."

Nilihisi kama nimetuliwa gunia la mchele kichwani. Bi Radhiya hakuwa na ruhani. Bi Radhiya alikuwa na podikasti. Nilitaka nimkimbilie baba pale pale alipokuwa, msikitini, nimwambie mbele ya safu nzima. Mama akanishika mkono akanivuta chini. Akaniambia mtu anayejifungia stoo na kuziba mlango kwa magodoro ana lake analolificha, na hilo hatulijui. "Hatumvui mtu nguo kwa ajili ya kukuvisha wewe," akasema. Furaha yangu ikapungua nusu, lakini ile nusu iliyobaki ilikuwa ya kutosha kunilaza usingizi siku ile.

Kesho yake mama akavaa buibui na ninja ya kuzibia uso, yeye ambaye uso wake unajulikana kutoka Malindi mpaka Kiponda, akamwambia baba anakwenda kumtazama mgonjwa. Nilipomuuliza mgonjwa gani, akasema wewe. Alikuwa anavunja mila, na alijua. Mama wa binti haendi kwao mume posa ikiwa haijajibiwa, watu watasema anamtembeza mwanawe. Ya huko Mtoni sikuyaona kwa macho yangu, ila amenisimulia mara nyingi, na kila mara ninaona ni yale yale.

Bi Radhiya alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, mikono ina alama za mafuta ya sambusa. Alimkaribisha mgeni asiyemjua, akampa maji na tende. Mama alipoinua ninja na kujitambulisha, mwenyeji wake akaiweka glasi chini. Akaanza kujitetea kabla hajashitakiwa, kwamba kama Bi Bashira amekuja kwa habari za shetani, basi tangu wiki mbili hizi nyumba imetulia, aulize majirani.

"Sikujia shetani," mama akasema. "Nimekuja kuuliza, kipande cha saba mbona hakijatoka?"

Bi Radhiya aliteremka kutoka kitini mpaka mkekani kama mtu aliyekatwa miguu. Mama akateremka naye. Walikaa hapo mpaka tende zikaisha.

Alieleza kwamba hadithi alirithi kwa bibi yake, pamoja na sauti zote: ya mzee, ya msichana, ya paka, ya mlango. Alipokuwa mdogo watu walikuja kumsikiliza. Alipovunja ungo kaka yake mkubwa, Pandu, akasema basi, sauti ya mwanamke si ya kuzungushwa. Aliolewa, akazaa, akafiwa na mume, na muda wote huo sauti zile zilikuwa zinamsonga kifuani. Ismail ndiye aliyemwonesha jinsi ya kurekodi na simu, na yeye akamwapisha mwanawe asimwambie mtu, kwa sababu Pandu akijua kwamba sauti ya dada yake inapita simu kwa simu barazani, hatomsamehe. Majirani walipoanza kunong'ona juu ya shetani, mwanzo alichukia. Baadaye akaona ni pazia zuri. Ikifika Alkhamisi alasiri hakuna aliyebisha hodi.

"Mwenye shetani watu humuonea huruma, Bi Bashira," akasema. "Mwenye sauti humsema."

Mpaka aliposikia kuna mama mgeni amezunguka Mtoni akiulizia, ndipo alipojua kwamba pazia lake litamkosesha mwanawe mke. Akaacha. Alifuta na yote aliyorekodi kwenye simu, akaiweka ile mbuzi ya nazi jikoni ifanye kazi yake ya halali. Lakini ukweli hakuweza kuusema, maana baba yake Ismail ni marehemu, na atakayesimama kwa ajili ya kijana siku ya posa ni huyo huyo Mzee Pandu. Akijua, hasimami.

Mama akarudi Malindi na fundo hilo. Tukisema ukweli, mjomba anaondoka. Tukinyamaza, baba anakataa. Nilimwona akishona siku ile bila hedifoni.

Usiku wake alimkabili baba. Alikiri kwamba alikwenda Mtoni, na baba akakasirika kwa hilo kama ilivyo haki yake. Akamwacha amalize. Kisha akamwambia, "Umri wangu wote nnasomesha Kurani. Shetani nikikaa naye kitako ntamjua. Nimekaa na Bi Radhiya, hana shetani." Hakuna neno la uongo hapo. Baba katika mambo ya chuo humheshimu mama kuliko anavyomheshimu imamu, na baada ya kuzunguka ukumbi akasema watu waje, atawasikiliza. Ila dada yake ni mkubwa wake, na lazima aridhike.

Shangazi hakuridhika. Alisema mama ana moyo laini, na kwamba atakuja siku hiyo na kulisema jambo mbele ya watu, lijibiwe kadamnasi. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumzuia kusema, na hatukuwa sisi wa kuanza.

Walikuja baada ya alasiri. Wanaume walikaa ukumbini, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, jicho moja kwenye ufa, kama ilivyo desturi ya bibi harusi, ingawa desturi haisemi. Mzee Pandu alizungumza vizuri, kwa sauti nzito ya mtu anayejua kanzu yake imepigwa pasi. Mahari niliyotaja yakakubaliwa. Kilemba cha baba kikakubaliwa. Nikaanza kupumua.

Shangazi akakohoa.

"Kabla hatujafika mbali," akasema, na safari hii hakuteremsha sauti, "mie nna la kuuliza kuhusu mama mtu. Kuna mambo ya Alkhamisi."

Upande wa wanaume vikombe vikanyamaza. Bi Radhiya, aliyekaa pembeni kabisa karibu na mlango, akajivutia mtandio usoni.

"Wifi, ngoja kwanza," mama akasema. "Mkaja wangu haujatajwa."

Mkaja ni haki ya mama, kwa kumbeba mtoto na kumzaa, na mtu haruki haki ya mama hata awe na haraka gani. Shangazi ilibidi anyamaze. Mama akainua sauti ili wa upande wa pili wasikie, ile sauti yake ya kunyamazisha watoto.

"Mie sitaki nguo wala dhahabu. Mkaja wangu ni Bi Radhiya. Kila Alkhamisi alasiri aje hapa kwangu, tukae chumba cha ndani mimi na yeye, mlango ufungwe, mpaka mwenyewe niseme basi."

Wanawake wakatazamana. Niliuona uso wa Shangazi Kidawa ukitoka kwenye kukunjamana na kuingia kwenye kuelewa, polepole, kama kunavyokucha. Akainama kwa mama na kumwambia kwa kunong'ona, sote tukasikia, "Unataka kumsomea."

"Yatakayosomwa humo," mama akajibu, "ni baina yangu na yeye."

Shangazi akajiegemeza kwenye mto, ameridhika hasa. Jambo lake limeshughulikiwa, tena kwa stara, na Bi Mwalimu mwenyewe. Alipoulizwa na baba kutoka nyuma ya pazia kama bado ana swali, alisema alilokuwa nalo limekwisha. Mzee Pandu naye akasema ni heshima kubwa kwa dada yake kukaa na mtu wa elimu, akaupokea mkaja kwa niaba ya ukoo. Bi Radhiya alikuwa analia chini ya mtandio, na wenziwe wakampigapiga mgongoni wakisema ndivyo wanavyolia wenye watoto wa kiume. Fatiha ikasomwa. Mimi nilikaa sakafuni nyuma ya mlango, nimejaa furaha mpaka nilisahau kuitikia amin.

Alkhamisi ya kwanza Bi Radhiya alikuja na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na simu na vifuu viwili. Mbuzi ya nazi mama alikuwa ameshaitia chumbani. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa na watu waliokuwa na mawe mengi: unene wa ukuta wetu wa ndani unazidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na mlango wake wa mti mzito hupitisha hewa kwa shida, seuze neno. Kwao Mtoni stoo ilikuwa ya bati. Waliingia, komeo likaanguka.

Shangazi Kidawa naye alikuja siku hiyo, hakuna aliyemwalika. Alikaa ukumbini na tasbihi yake, akaniketisha kando yake, akaniambia nisiogope nikimsikia ruhani akipiga ukelele wakati wa kutoka, maana hutoka kwa shida. Tukasubiri. Alasiri ikasonga. Hakukusikika kitu, si kikohozi, si ukucha. Mara kwa mara shangazi alitega sikio, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kimya," akasema. "Ameshatulia. Mamako mkono wake mwepesi."

Komeo likafunguliwa. Mama alitoka wa kwanza, ushungi umemkaa upande, uso hauna rangi, na akaniangalia kwa macho ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta muda mrefu. Shangazi akaondoka zake haraka kwenda kuwahadithia watu.

Bi Radhiya alinifuata jikoni kuomba maji. Nguo zilikuwa zimemganda kwa jasho. Nikampa kikombe, akakimaliza kwa pumzi moja, na alipozungumza sauti ilikuwa imemkauka kama ya mwadhini mwenye mafua.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote nikitisha watu kwa kunong'ona. Leo nimepiga ukelele. Nimeupiga wote."

Akanipa kikombe nimjazie tena.